Mtoto Asiye na Mjomba

Katika nchi yetu ya Masasi na Newala, mtoto akifiwa na baba yake, wazee hawaulizi, "Atakula wapi?" Huuliza tu, "Mjomba wake yuko kijiji gani?" Maana kwa desturi ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye mzigo. Yeye ndiye asimamaye siku ya jando, yeye ndiye asikilizaye maneno ya posa, na mtoto akiharibu mali ya watu, yeye ndiye aitwaye barazani. Mjomba aweza kunung'unika, hata akampa mpwa wake jembe lililokwisha makali, lakini hawezi kusema, "Simjui." Jambo hili halina karatasi wala sahihi, wala halikosi kutendeka kwa sababu hiyo.

Lakini wako watoto ambao mjomba hawezi kuwafikia. Ama amekufa, ama amefungwa, ama yuko ng'ambo ya bahari, ama mtoto mwenyewe amechukuliwa mbali hata hajui tena njia ya kwao. Mtoto wa namna hiyo hulishwa na nani? Fedha yake hutoka katika mfuko gani, na ni nani aamuaye kwamba huyu apewe na yule angoje? Tutatazama kwanza watoto waliopita katika nchi yetu wenyewe kwa njia ya utumwa, halafu tutakwenda Ulaya, kwa watoto wa Kiyahudi wa miaka ya 1938 na 1939. Habari zao zafanana kuliko mtu adhaniavyo.

Askofu Tozer alipofika Unguja katika mwaka wa 1864, Sultani Majid alimpa wavulana watano waliokuwa wametolewa katika jahazi la watumwa. Mtu aliyepewa watoto watano leo hana budi kutafuta chakula cha usiku wa leo. Huruma peke yake haijazi chungu. Mmoja wa wale watano aliitwa John Swedi, naye akawa shemasi katika mwaka wa 1879. Baada yao wakaja wengine wengi. Manowari za Waingereza zilikuwa zikizunguka baharini na kuyakamata majahazi ya watumwa, na baadhi ya watoto waliookolewa walipelekwa kwa wamisionari: wavulana wakakaa Kiungani, wasichana wakakaa Mbweni. Ndipo, mwaka wa 1876, Askofu Steere alipotoka Unguja pamoja na watu 55 waliokombolewa, wakashuka Lindi, wakaenda kwa miguu mpaka Masasi, wakajenga. Baadhi yenu mnaosoma ni uzao wao.

Basi, chakula cha Kiungani kililipwa na nani? Fedha ilitoka Uingereza, na nyingi yake ilikuwa fedha ndogondogo, senti za watu wa makanisa na za watoto wa shule. Palikuwa na desturi hii: parokia moja au shule moja ilimchukua mtoto mmoja wa Afrika kwa jina lake, ikaahidi kulipa chakula chake na nguo zake mwaka kwa mwaka. Desturi hiyo ina nguvu na ina udhaifu. Nguvu yake ni kwamba mtu hutoa kwa urahisi zaidi akijua jina la mtoto kuliko akiambiwa, "Wako maelfu wenye njaa." Udhaifu wake ni kwamba mtoa aweza kuchoka, au kufa, au kupunguziwa mshahara, lakini mtoto hachoki kula. Kwa hiyo mwenye kutunza shule hana budi kuwa na mfuko mwingine, usio na jina la mtoto ye yote, wa kuziba mapengo. Mfuko huo ndio mgumu kuliko yote kuujaza, kwa kuwa hauna uso.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akauzwa utumwani angali mdogo, akafikishwa Unguja, akalelewa na kusoma Kiungani. Katika mwaka wa 1886 alikuja kufanya kazi Chitangali, katika nchi ya Newala, na mwaka wa 1890 akawa padre wa kwanza Mwafrika wa misheni yetu. Aliyelishwa kwa senti za wageni alirudi akawa mwalimu wa watu wa kabila lake.

Sasa tuwatazame Wayahudi. Ninyi mnalijua jina lao kwa Maandiko, na mkisikia "Myahudi" mwakumbuka Musa na Daudi. Lakini Wayahudi si watu wa kale tu. Wako hata leo katika nchi nyingi, nao wana shule zao, masinagogi yao na mifuko yao ya kuwasaidia maskini. Torati yao yaamuru kwamba mwenye shamba asivune mpaka pembe za mwisho, bali aache mabaki kwa mgeni, yatima na mjane.

Tazameni na neno lenyewe. Sisi twasema "sadaka", neno tulilolipata kwa Waarabu. Wayahudi wana neno lililo ndugu yake, tsedaka, lakini katika Kiebrania asili yake ni haki. Kwao, atoaye kwa yatima hasemwi kwamba amefanya hisani, bali kwamba amelipa kilichompasa. Mjomba wa Kimakonde angelielewa jambo hili mara moja.

Tena wazee wao wa zamani waliweka sheria juu ya mfuko wa mji. Fedha isikusanywe na mtu mmoja, bali na wawili. Na igawanywe na watatu. Kwa nini wawili? Ili pasiwe na maneno njiani. Na kwa nini watatu? Kwa sababu kugawanya ni kama kuhukumu, na baraza la hukumu kwao lilikuwa la watu watatu. Wakija yatima wawili, wa kiume na wa kike, na fedha haiwatoshi wote wawili, sheria ilisema wa kike apewe kwanza, maana ni aibu na hatari kubwa zaidi msichana kuzunguka milangoni akiomba. Mwalimu wao mkuu Musa bin Maimun, aliyekaa Misri na kufa mwaka wa 1204, alipanga ngazi nane za kutoa. Ya juu kabisa ni kumwezesha mtu ajitegemee, kwa kumkopesha au kumpa kazi. Ngazi ya chini ni kutoa huku umekunja uso. Nadhani ngazi hiyo ya mwisho haihitaji kufafanuliwa kwa watoto wa shule.

Watu wenye desturi hizo walihitaji kila senti ya mifuko yao ilipofika mwaka wa 1933. Mwaka ule Hitler alishika serikali ya Ujerumani, akaanza kuwatesa Wayahudi kwa sheria: wakafukuzwa kazini, wakanyimwa uraia, maduka yao yakasusiwa. Wayahudi wa Uingereza wakaunda mfuko mwaka uleule, wakaiahidi serikali yao kwamba wakimbizi wa Kiyahudi hawatakuwa mzigo wa nchi. Ilikuwa ahadi nzito. Walipoitoa hawakujua ni watu wangapi watakaokuja.

Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, masinagogi yalichomwa moto katika Ujerumani yote na Austria, maduka yakavunjwa, na wanaume wa Kiyahudi karibu 30,000 wakakamatwa na kutiwa kambini. Siku chache baadaye watoto wote wa Kiyahudi walifukuzwa katika shule za Wajerumani. Hapo wazazi wengi wakafanya shauri ambalo mzazi hapendi hata kulitaja: ikiwa sisi hatupati njia ya kutoka, na watoke watoto.

Serikali ya Uingereza ilikubali watoto waingie bila wazazi wao, wasiozidi miaka 17, lakini kwa sharti kwamba wasile fedha ya serikali. Kila mtoto alihitaji mtu au chama cha kumtunza. Wayahudi, Wakwekeri na Wakristo wengine wakaungana kufanya kazi hiyo. Tarehe 2 Desemba 1938 merikebu ilitia nanga bandari ya Harwich ikiwa na watoto wa kwanza, 196, na wengi wao walikuwa yatima wa nyumba moja ya Berlin iliyochomwa moto. Kila mmoja alikuwa na sanduku dogo na namba iliyofungwa shingoni. Siku sita baadaye Lord Baldwin, aliyekuwa Waziri Mkuu zamani, alisema na watu kwa redio akiwaomba fedha, na mfuko wake ukapata zaidi ya pauni 500,000. Katika fedha hiyo kulikuwa na za matajiri na za watu wa kazi za mikono.

Ilipoanza 1939, sharti likawa zito zaidi. Kwa kila mtoto iliwekwa dhamana ya pauni 50. Fedha hiyo haikuwa ya chakula wala ya shule. Ilikuwa akiba ya nauli ya kumpeleka mtoto nchi nyingine baadaye, ili asikae Uingereza siku zote. Siku zile pauni moja ilikuwa shilingi 20 za Tanganyika. Basi dhamana ya mtoto mmoja ilikuwa shilingi 1,000. Jina la mtoto likiwa katika orodha, na mdhamini hajapatikana, mtoto alibaki.

Hapo ndipo alipoonekana Bwana Nicholas Winton, dalali wa hisa wa London, mwenye miaka 29. Alikwenda Prague mwishoni mwa mwaka 1938, akaona familia za wakimbizi katika baridi ya kambini, akaanza kuandika majina ya watoto. Wenzake, miongoni mwao Doreen Warriner na Trevor Chadwick, walifanya kazi Prague kwenyewe, na yeye akarudi London kutafuta wadhamini baada ya saa za kazi yake. Alipiga chapa kadi zenye picha za watoto, akazisambaza ili watu wachague. Wengine walimlaumu, wakasema watoto si bidhaa. Yeye aliona kwamba kadi yafanya kazi upesi, na upesi ndio ulikuwa uhai. Kati ya Machi na Agosti 1939 watoto 669 walitoka kwa juhudi hiyo.

Lakini lawama ile haikuwa bure. Watoto wengi waliofika bila mdhamini waliwekwa Dovercourt, katika kambi ya mapumziko ya kiangazi ambayo vibanda vyake havikujengwa kwa majira ya baridi. Wageni wenye nia ya kuchukua mtoto walikuja kuwatazama wakati wa chakula. Wadogo wenye sura nzuri walichaguliwa mapema. Wavulana wakubwa wa miaka 15 na 16 walibaki wiki baada ya wiki. Asomaye habari hii katika nchi yetu hawezi kuacha kukumbuka soko la Unguja, watoto walikosimamishwa safu na kutazamwa. Tofauti ni kubwa mno, na wala sisemi ni kitu kimoja: huko mnunuzi alitafuta faida, huku mwenyeji alitafuta kutoa. Lakini mtoto aliyesimama haioni nia ya moyoni. Huona macho yanayompita na kwenda kwa mwenzake.

Kulikuwa na jambo jingine gumu. Watoto wengi wa Kiyahudi walikaa katika nyumba za Wakristo, kwa kuwa nyumba za Kiyahudi hazikutosha. Wenyeji wengine walimwacha mtoto ashike Sabato yake na kukataa nyama ya nguruwe. Wengine walimpeleka kanisani pamoja na watoto wao bila kuuliza. Walimu wa Kiyahudi, hasa Rabi Solomon Schonfeld, walihangaika sana wakisema, "Tusiwaokoe miili tukawapoteza kwa watu wao." Sisi tuliosoma katika shule za misheni yatupasa kulisikiliza neno hili kwa utulivu. Mwenye kumlisha mtoto wa wazazi walio hai amepewa amana, na amana hurudishwa kama ilivyopokewa.

Na wazazi hao, kweli, walikuwa hai walipoagana. Waliwasindikiza watoto wao stesheni; mahali pengine polisi waliwakataza wasifike ukingoni mwa reli, wasije wakalia mbele ya watu. Dhamana ya pauni 50 ilimtosha mtoto. Baba na mama hawakuwa na mfuko wala ruhusa. Vita vilipoanza, barua za kawaida zilikatika. Shirika la Msalaba Mwekundu lilipeleka salamu zisizozidi maneno 25. Mama aliyekuwa na mengi ya kumwambia mwanawe alihesabu maneno kwa vidole.

Katika Marekani, mwaka wa 1939, uliletwa bungeni mswada wa kupokea watoto 20,000. Haukupita. Wachache walifika hata Afrika ya Mashariki pamoja na wazazi wao, maana Nairobi palikuwa na kusanyiko la Wayahudi tangu 1904. Mmoja alikuwa Stefanie Zweig, aliyeletwa Kenya mwaka wa 1938 hajatimiza miaka sita. Alikua shambani akisema Kiswahili, akasoma Nakuru, akarudi Ujerumani mwaka wa 1947, na uzeeni akaandika kitabu juu ya utoto wake ambacho kilisomwa sana.

Gari la moshi la mwisho la Bwana Winton lilikuwa liondoke Prague tarehe 1 Septemba 1939. Watoto 250 walikuwa tayari, na wadhamini wao walikuwa wamepatikana. Siku ile Ujerumani iliishambulia Poland, mipaka ikafungwa, na gari halikuondoka. Karibu watoto hao wote walikufa katika miaka ya vita. Kwa jumla watoto waliokuwa wamefika Uingereza katika miezi ile tisa walikuwa karibu 10,000. Watoto wa Kiyahudi waliouawa Ulaya mpaka vita vilipokwisha mwaka wa 1945 walikuwa karibu 1,500,000. Wengi wa wale waliookoka hawakuwaona tena baba na mama zao.

Bwana Winton alikaa karibu miaka 50 bila kujisifu, na watoto wengi hawakujua ni nani aliyewatafutia nauli. Habari yake ilitangazwa mwaka wa 1988, akafa mwaka wa 2015, mwenye umri wa miaka 106. Mmoja wa watoto wa kadi zile, Alf Dubs, alipanda gari Prague akiwa na miaka sita, akakua, akawa mbunge, na baadaye Lord. Katika mwaka wa 2016 alisimama katika Bunge la Uingereza kudai kwamba nchi ipokee watoto wakimbizi waliofika Ulaya peke yao wakikimbia vita vya siku hizi. Alitaja watoto 3,000. Sheria ilipita, lakini idadi ile haikuandikwa ndani yake. Na walipotimia watoto 480, serikali ikasema nafasi zimekwisha.

MASWALI

1. Kwa nini wazee wa Kiyahudi waliagiza kwamba fedha ya mfuko ikusanywe na watu wawili, na igawanywe na watatu? Katika kijiji chenu, ni nani wanaoshika fedha ya watu, na ni wangapi?

2. Eleza tofauti ya mfuko wenye jina la mtoto mmoja na mfuko usio na jina. Wewe ungependa kutoa katika upi? Toa sababu.

3. Kama nusu ya pauni 500,000 ingaliwekwa yote kuwa dhamana, watoto wangapi wangalipata pauni 50 kila mmoja?

4. Watu wawili waliongea habari za kadi za Bwana Winton. Mmoja alisema, "Ni aibu." Wa pili alisema, "Ni uhai." Andika mazungumzo yao.

5. Uko mbali, na vita vimekata njia. Mwandikie mama yako salamu zisizozidi maneno 25. Hesabu kabla ya kumpa mwalimu.